Fundi funguo wa Mbuyuni, Moshi: alifungua mlango wa mninga bila kuuvunja

Nyota tano kwa kazi yake, nyota tatu kwa kupatikana kwake. Nitaeleza zote mbili, tena kwa urefu, maana huduma ya namna hii mtu huitafuta akiwa amesimama nje ya mlango wake na mvua inamnyeshea, na saa hiyo hakuna anayekumbuka kuuliza kitu zaidi ya bei.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka 32, na sasa nipo nyumbani kwangu Rau, ambako nina vyumba viwili vya uani ninavyopangisha wageni wa muda. Wengi ni watu waliokuja kujitolea hospitalini. Chumba cha pili kina mlango wa mninga. Aliuchonga marehemu mume wangu, ambaye alikuwa seremala, mwaka 2004. Mbao alizitafuta miezi, akazikausha darini zaidi ya mwaka, akazipiga randa kwa mkono jioni akitoka kwenye kazi za watu. Watu wawili walitaka kuununua ukiwa bado umeegemezwa ukutani. Alikataa.

Naanza na mlango kwa sababu usipojua ni mlango gani hutaelewa kwa nini namsifu huyu kijana hivi.

Mwezi wa nne mwaka huu chumba hicho alikuwemo dada mmoja kutoka Cebu, Ufilipino, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikaa nami miezi mitatu. Jumapili aliyokuwa anaondoka alikuja mezani kwangu kula chakula cha kuagana, akafunga chumba kama kawaida. Aliporudi, ufunguo ukamkatikia kwenye kitasa. Kichwa cha ufunguo kikabaki mkononi, meno yakabaki ndani. Humo ndani kulikuwa na pasipoti, sanduku lililokwisha kufungwa, na dawa zake za pumu. Ilikuwa saa nane na robo. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa KIA lilikuwa lije saa kumi na mbili.

Alikuja jikoni mbio, Kiswahili chote kimemtoka, anasema neno moja tu: "Abli, Mama! Abli!"

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu neno hilo lilikuwa limekaa nyumbani kwangu miezi mitatu, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa bila neno hili nisingemwelewa hata fundi.

Wiki yake ya kwanza umeme ulikatika, ukarudi, akanikuta sebuleni gizani. Akaniuliza, "Mama, nifungue taa?" Nikamwambia kwa sauti ile ile niliyowaambia watoto wa darasa la tatu: taa huwashwa, mwanangu, hufungui taa. Kesho yake akataka kufungua televisheni. Keshokutwa nikamkuta na mkebe wa samaki, huo akasema vizuri, kufungua mkebe, nami nikampongeza, naye akaniangalia kwa mshangao. Hakujua kosa liko wapi na usahihi uko wapi, kwa sababu kwao vyote vitatu ni neno moja. Nikamwomba anifundishe.

Lugha yao ni Kisebuano, wenyewe wanaiita Bisaya. Inasemwa Cebu, Bohol, upande wa mashariki wa Negros na sehemu kubwa ya Mindanao, na wasemaji wake ni mamilioni wengi. Neno ni abli. Ukitaka mlango ufunguliwe unasema ablihi ang pultahan. Taa, ablihi ang suga. Bomba la maji, redio, mkebe, barua, vyote ni abli. Mama yake ana kiduka cha mtaani kule, chenye sabuni na sukari za kupima, na asubuhi akiondoa mbao za dirishani watu wanasema abli na ang tindahan, duka limeshafunguliwa. Shule zikianza muhula ni abli sa klase. Mtu akianzisha biashara, akianza akaunti benki, abli. Niliandika yote kwenye daftari langu la matumizi, kati ya mchele na mkaa, na bado yapo humo.

Kilichonishangaza ni kwamba neno lenyewe walilipata kwa mgeni. Magellan, baharia aliyetumwa na Wahispania, alifika Cebu mwaka 1521 akauawa papo hapo jirani, kisiwani Mactan. Legazpi akaja 1565, na Wahispania hawakuondoka Ufilipino mpaka 1898. Kihispania kufungua ni abrir. Ulimi wa Cebu ukaligeuza r likawa l, ingawa wengine mpaka leo husema abri. Mimi niliyesahihisha "kura" na "kula" kwenye madaftari kwa miaka 32 niliposikia hilo nilicheka kwa furaha.

Tukakaa mezani tukaanza kuhesabu. Nikagonga meza nikasema "meza". Akasema "lamesa!" Nikasema bendera, akasema bandera. Nikamwonyesha kasha la mume wangu, akasema kwao ni kaha. Sisi tulipita mikononi mwa Mreno, tangu Vasco da Gama alipotia nanga pwani yetu mwaka 1498 mpaka Ngome ya Yesu ilipoanguka Mombasa 1698, na Kireno na Kihispania ni watoto wa mama mmoja. Lakini angalieni tofauti. Mreno alituachia vitu: meza, kasha, leso, bendera, gereza. Kitendo cha kufungua hakukigusa. Hicho tumebaki nacho cha kwetu, cha Kibantu, na tumekizalisha kwelikweli.

Kwetu mtu hufungua mlango, kesi, akaunti, mkutano, swaumu. Asubuhi tuna kifungua kinywa. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, na mama yake amejifungua. Maji na redio tunafungulia. Mtu aliyekaa na jambo moyoni miaka, siku akilisema, amefunguka. Na sisi wa Moshi, mawingu yakiondoka asubuhi, kwetu nyumbani tunasema mlima umefunguka. Hilo alilipenda kuliko yote. Mlima kwao ni bukid, na kila alfajiri ya masika nilikuwa namsikia anafungua dirisha, kisha anauliza kupitia ukutani: "Mama, mlima umefunguka?" Siku nyingi za Aprili jibu lilikuwa bado.

Wala msidhani wao wana abli tu. Alinieleza kwamba mdomo na macho kwa kawaida havi-abli. Hivyo ni buka, na ua nalo likichanua ni buka. Siku moja alikuwa analisha mjukuu wangu uji, akasahau akamwambia kwa kwao, "Ibuka ang baba," yaani fungua mdomo. Baba kwao ni mdomo. Mtoto akageuka mlangoni kumtafuta baba yake. Mfuniko wa sufuria ni ukab. Jamvi likikunjuliwa ni buklad, na mabawa ya ndege pia. Hapo nikamtolea zangu za darasani: fumba, fumbua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Funika, funua. Tata, tatua. Funga, fungua. Akaniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza: je, ni lazima ujue kwanza kitu kilifungwaje ndipo ujue neno la kukifungulia? Nikafikiri sana. Nikamwambia ndiyo, kwa hayo ni lazima. Macho yaliyofumbwa huyazibui. Tundu lililozibwa hulikunjui. Tendo la pili limebebwa tumboni na la kwanza.

Sasa turudi mlangoni.

Fundi wa kwanza kuja si huyu ninayemsifu. Alikuwa karibu, alikuja baada ya dakika kumi, na simtaji. Aliutazama mlango kwa hesabu ya sekunde, akaweka nyundo na mtaimbo chini. "Tuvunje tu mama. Hii ni mbao, utapachika nyingine." Alitaka shilingi 60,000, kitasa kipya juu yangu. Nikamwambia mlango huu hauvunjwi. Akasema basi dirisha. Dirisha lina nondo. Akaondoka na mgeni wangu akakaa chini barazani akashika kichwa.

Kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu ndiye aliyesema kuna fundi Mbuyuni anafanya kazi Jumapili, kwa kuwa yeye ni Msabato, anafunga Jumamosi. Nikampigia. Mara mbili haikupokelewa. Mara ya tatu akapokea, akasema yuko njiani. Hakuwa njiani. Nilisikia nyuma yake mlio wa mashine ya kusaga funguo. Alifika saa kumi kasoro, na kwa mtu mwenye ndege hizo zilikuwa dakika ndefu mno. Hapa ndipo nyota mbili zilipodondokea. Kijana mwenye mikono kama ile angesema tu, "Mwalimu, nina mteja, nipe nusu saa," ningemwelewa, na mgeni wangu asingezunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

"Hodi." Mlango wa uani ulikuwa wazi, lakini alibisha. Mgeni wangu, na hofu yake yote, aliinua uso. Baadaye alinieleza kwamba kwao husimama nje na kuita "Ayo!", na aliye ndani akijibu "Dayon!" ndipo unaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, tumekwama."

Jambo la kwanza aliloomba si kuonyeshwa mlango. Aliomba jirani. Alisema hafungui chumba cha mtu kwa neno la mtu mmoja, hata awe na mvi. Nilikasirika kidogo, saa inakwenda. Kisha nikaona ana haki, na nawaomba ninyi mnaosoma hapa mlipime hilo: fundi anayefungua mlango wako bila kuuliza ni nani wewe, kesho ataufungua kwa mwingine. Mama wa nyumba ya pili akaja na taulo kichwani, akashuhudia. Fundi akaandika namba ya huyo mama kwenye kidaftari.

Ndipo akapiga magoti mbele ya kitasa, akauliza, "Ulifungwaje?"

Nilisimama pale nikamtazama. Ni swali lile lile la mezani.

Mgeni alimwonyesha kwa mkono. Ufunguo ulizunguka mara moja au mara mbili? Mara mbili. Aliuvuta mlango kwanza, au aliusukuma? Aliuvuta, kwa sababu masika umevimba, haufiki bila kuvutwa. Ulipokatika alikuwa ameshauzungusha kidogo, au ndiyo kwanza anaingiza? Kidogo, hivi, robo. Fundi akanyamaza, akatia jicho kwenye tundu akimulika kwa tochi ya simu. Kisha akanitaka mimi niuvute mlango kwa nguvu zangu zote na nisiuachie.

Alinieleza anafanya nini huku anafanya, na alieleza vizuri kuliko baadhi ya walimu niliofanya nao kazi. Kitasa cha ufunguo mrefu kama hiki kina vibati vya chuma ndani, hiki changu vitatu, vimelala kimoja juu ya kingine, vinasukumwa chini na springi. Meno ya ufunguo kazi yake ni kuinua kila kibati kwa kimo chake. Kikizidi, hapana. Kikipungua, hapana. Vikilingana vyote kwa wakati mmoja, njia inapatikana na ulimi wa kitasa unarudi ndani. Mlango uliovimba unaukandamiza ulimi kwenye fremu, ndiyo maana mtu anatumia nguvu, ndiyo maana ufunguo laini unakatika. Ufunguo ule nilichongesha mahali pengine mwaka jana kwa bei ya chee. Alikitazama kile kichwa kilichobaki akakipinda kwa vidole viwili mbele yangu.

Kwanza alikwangua risasi ya penseli kwa wembe, akapuliza vumbi lake ndani ya tundu kwa mrija wa soda. Mafuta hakutia. Alisema mafuta yanakamata vumbi na baada ya mwezi unarudi kulia. Kisha akatoa spoku ya baiskeli aliyoisugua mpaka ikawa nyembamba na kupinda ncha kama ndoana. Dakika ishirini nzima alivua kile kipande, kinakuja, kinarudi, kinakuja. Hakutukana, hakugonga. Kilipotoka alikiweka kwenye kiganja cha mgeni wangu kama jino la mtoto. Baada ya hapo spoku mbili, moja ya kuinua vibati na moja ya kusukuma ulimi, na mimi bado nimening'inia kwenye mlango mabega yananiuma.

Mlio wake ni mdogo sana. Kama mtu kavunja kijiti mfukoni.

"Kimefunguka, Mwalimu."

Hakusema nimekifungua. Alisema kimefunguka. Wakati huo huo mgeni wangu, mikono juu, akapiga kelele: "Naabli!" Nikamwuliza, mbona si abli? Akasema na- kwao inawekwa kwa kitu kilichofunguka, kilichopatwa na kufunguka, bila kutaja aliyekifungua. Watu wawili wa mabara mawili, katika sekunde moja, wote wamemwacha mtendaji nje ya sentensi. Nilifundisha kauli za vitenzi miaka yote ile kwa mifano ya kitabu, "kikombe kimevunjika", na sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo.

Mlango hauna hata mkwaruzo. Nilipitisha kiganja.

Wakati anachonga ufunguo mpya kwa tupa, pale pale barazani, akifuata kile kipande kilichokatika, alimwuliza mgeni ufunguo kwao unaitwaje. Yawe, akasema, nao ni Kihispania, na kufuli ni kandado. Fundi akarudia kwa bidii: "Yawa!" Dada yule akaziba mdomo kwa viganja viwili. Yawa kwao ni shetani, na ni tusi la barabarani. Akamfundisha tena taratibu, ya-we, naye akarudia mpaka akaipata, na alimwomba radhi kwa heshima kabisa. Kwetu kufuli tulilichukua kwa Mwarabu, lakini ufunguo tumeuchonga wenyewe kutoka kwenye fungua. Chombo na kazi yake havijaachana. Fundi alisema hilo hakuwahi kulifikiria na yeye ndiye mchonga funguo.

Gari lilikuja saa kumi na mbili na dakika tano. Aliwahi.

Sasa habari ya kasha, na hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mume wangu alifariki mwaka 2017. Kasha lake la vifaa alilifunga mwenyewe kwa kufuli la shaba siku aliyokwenda kulazwa, na ufunguo hatukuuona tena, si kwenye suruali, si kwenye droo za kabati. Watoto walisema tukate kufuli kwa msumeno. Kila mara nilisema tutakata baadaye. Lilikaa chini ya dirisha miaka yote hiyo, na kitambaa juu yake, na redio juu ya kitambaa.

Jumanne baada ya ile Jumapili nilimpigia yule kijana tena. Alipokea mara ya kwanza. Alipofika aliuliza lile swali lake, kisha akaongeza la pili: kuna wengine wenye haki na kasha hili? Nikasema watoto watatu. Akasema hafungui kasha la marehemu bila mmoja wao kuwepo, na ikiwezekana mjumbe wa mtaa. Tukangoja mpaka kijana wangu wa mwisho alipotoka kazini saa kumi na moja, na mjumbe akaja akakaa kwenye stuli. Mafundi wangapi wangekubali kupoteza mchana mzima kwa ajili ya kufuli la 10,000?

Kufuli halikuwa na vibati. Lilikuwa la pini: pini ndogo ndogo zimepangwa kwenye kijitungi, kila moja imekatwa katikati mahali pake, na ufunguo unazinyanyua mpaka mikato yote ikae mstari mmoja, ndipo kijitungi kizunguke. Ni mtindo ambao Linus Yale wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1861, ndiyo maana mafundi wengine wanaziita funguo za Yale hata zikitoka China. Alitumia dakika saba. Anafumba macho akifanya hivyo, anasikiliza kwa vidole.

Lilifunguka. Alirudi nyuma hatua mbili, hakuinua mfuniko. Alimwachia kijana wangu.

Harufu ya mninga ilitoka kwanza. Randa mbili, patasi zimefungwa kwenye kipande cha kanga yangu ya zamani niliyodhani imeibwa kwenye kamba. Kikwadi. Chupa ya gundi iliyokauka ikawa jiwe. Chini kabisa kulikuwa na kipande cha plaiwudi kilichoandikwa kwa penseli nene, vipimo, na juu ya vipimo mwandiko wake: Mlango wa Mwalimu.

Mimi nilidhani miaka yote aliuchonga kwa ajili ya wapangaji.

Fundi alitoka nje bila kuambiwa, akakaa barazani anasugua tupa yake, na mjumbe akamfuata. Hakurudi kudai hela mpaka nilipomwita.

Bei zake, kwa wanaotaka kulinganisha. Kufungua mlango Jumapili pamoja na nauli ya bodaboda, 20,000. Ufunguo mpya wa kuchonga kwa mkono, 5,000. Kufuli la kasha 10,000, na ufunguo wake mmoja 4,000. Alinishauri pia kupiga randa ukingo wa mlango masika yakiisha mbao zikishakauka, si sasa, maana ukiupunguza umevimba, kiangazi utacheza. Ushauri huo hakuutoza. Ni ule ule ambao mume wangu angeutoa.

Upungufu, mbali na ule wa kusema yuko njiani: hatoi risiti mpaka uombe, na akitoa anaandika kwenye karatasi ya daftari. Funguo za gari zenye chipu hafanyi, na anasema wazi hafanyi, lakini unaweza kufika mpaka pale ndipo uambiwe. Kibanda hakina kibao chochote. Ukiwa unatoka katikati ya mji kuelekea soko la Mbuyuni, kiangalie upande wa mkono wa kushoto kabla hujafika kwenye mitumba ya viatu: mwavuli wa kijani uliofifia, mashine ya kusaga iliyofungwa kwenye fremu ya cherehani, na funguo mbovu zimetungwa kwenye waya kama dagaa. Jumamosi usiende. Siku nyingine asubuhi yupo, mchana huwa kwenye nyumba za watu, kwa hiyo piga kwanza, na usikubali "nipo njiani". Mwulize, njiani wapi?

Mgeni wangu alifika salama, ndege tatu. Alinitumia sauti akiwa dukani kwa mama yake, jogoo anawika nyuma, wateja wanaita Ayo. Aliuliza kama mlima umefunguka. Nilitoka uani na simu mkononi nikautazama. Ulikuwa umefunguka mpaka kileleni, nikampigia picha.

Kufuli la geti limeanza kuwa gumu, nimeliacha pale kibandani jana. Kaniambia Alhamisi.